Santuri ya The Blue Nile, na muuzaji aliyesema mashine yangu ndiyo mbovu

Nyota moja. Na mtu asiniambie nipoe kwanza ndipo niandike, kwa sababu nimeshapoa vya kutosha na bado jibu ni lile lile.

Nilinunua *Hats*, albamu ya The Blue Nile, bendi ya Glasgow, Uskochi, santuri mpya kabisa, bado imefungwa kwenye nailoni, katika duka moja la muziki hapa Uingereza ambalo watu hulisifu sana. Upande wa kwanza hauna neno. Upande wa pili, wimbo wa mwisho, sindano inaruka. Paul Buchanan, mwimbaji wao, anaanza kupandisha sauti, unajiandaa naye, kisha anarudishwa nyuma, anarudishwa tena, mpaka uende mwenyewe ukanyanyue sindano. Wimbo wa mwisho ndio albamu nzima inakoelekea. Ukikosa pale umeachwa njiani.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hakuiweka hata kwenye mashine ya dukani ili asikie. Aliigeuza mara moja kwenye taa, akaniuliza nyumbani natumia mashine gani. Nikamtajia. Akatabasamu, akasema tatizo haliko kwenye santuri. Muziki huu ulirekodiwa kwa watu wenye mitambo ya maana, na mashine kama yangu haiwezi kuubeba. Nikamwambia mashine hiyo hiyo inapiga santuri zangu zote bila kuruka. Hapo ndipo aliponyoosha kidole upande wa pili wa duka, akasema kule kuna santuri za Kiafrika, zenyewe zinavumilia mashine za aina yangu.

Zinavumilia! Nilikuwa na risiti mkononi. Nyuma yangu palikuwa na mzee mmoja kwenye foleni, akainamisha macho. Mimi si mtu wa kupaza sauti madukani, nilichukua santuri yangu nikatoka, lakini lile neno nimetembea nalo wiki nyingi sasa na limeniharibia hata nyimbo ninazozipenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yale maneno ya mitambo ya maana hakuyabuni yeye. Yamekuwa yakisemwa kuhusu bendi hii tangu mwanzo. The Blue Nile walikuwa vijana watatu wa Glasgow: Buchanan, Robert Bell na Paul Joseph Moore, waliosoma Chuo Kikuu cha Glasgow. Wimbo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1981 kwenye lebo ya RSO, yaani kampuni ya kutoa muziki, na muda si mrefu lebo yenyewe ikamezwa na kampuni kubwa ya PolyGram, wakabaki hawana pa kushika. Aliyewachukua alikuwa Linn, kampuni ya huko huko kwao inayotengeneza mashine za santuri za bei ya juu sana, iliyoanzisha lebo na kuwatoa wao kwanza. Albamu ya kwanza, *A Walk Across the Rooftops*, ikatoka 1984. Ilifika nafasi ya 80 tu kwenye chati ya Uingereza. Wahakiki waliipenda, lakini sifa iliyoenea madukani ilikuwa nyingine: kwamba hii ndiyo santuri ya kujaribia spika. Wauza mitambo wakawa wanaiweka kwa wateja wasikie besi inavyotulia na vinanda vinavyopumua. Kuanzia hapo watu wa namna fulani wakaichukua bendi hii wakaifanya mali yao, na kijana wangu wa kaunta ni mjukuu wa mawazo hayo.

Sasa isikilizeni *Hats* yenyewe, mniambie kama ni mali ya wenye mitambo. Ilitoka 1989, miaka mitano baada ya ile ya kwanza. Nyimbo saba. Walikaa studio kule nje ya Edinburgh muda mrefu wakatoka bila kitu cha kuridhisha, wakarudi nyumbani Glasgow, na waliporudi tena studio kazi ikaenda haraka. Ukiwauliza mashabiki watakusimulia habari hiyo ya kuchelewa kwa fahari kubwa. Mimi sijali walichelewa kiasi gani. Ninachosikia ni vinanda vinavyokaa kama maji ya usiku, ngoma ya mashine isiyo na haraka, na mwanamume anayeimba maneno ambayo mtu yeyote aliyepanga chumba mjini anayajua: mvua, taa za barabarani, treni ya usiku, Jumamosi, twende tutoke leo, bado unanipenda? Hakuna fumbo. Hakuna neno la kutafuta kwenye kamusi. Buchanan anaweza kulisema neno la kawaida mpaka likakushika koo, na hafanyi hivyo kwa kupiga kelele. Anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, anaiacha sauti ikwaruze, basi.

Mimi nimekulia Tanga, na nyumbani kwetu taarabu ilikuwa inalia kutoka redio ndogo yenye betri za kukaza kwa karatasi. Hakuna aliyesema redio ile haistahili. Mama alikuwa akisimama na mwiko mkononi wimbo ukifika mahali pake.

Na huu hapa ushahidi wangu dhidi ya duka lile. Nafanya kazi za usiku. Alfajiri moja majira ya baridi, kwenye basi la kurudi nyumbani, nilikuwa nasikiliza *Let's Go Out Tonight*, wimbo wa *Hats*, kwa simu, simu ya kawaida kabisa, sikio moja nimempa dada mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi. Yeye hajui Linn wala Glasgow. Baada ya muda akaniuliza, "Kaka, huyu amefiwa?"

Nikamwambia, "Hapana, dada. Anamwomba mpenzi wake watoke matembezini."

Akanyamaza, kisha akasema, "Anajua hatatoka naye." Akaniomba niurudie tangu mwanzo.

Hilo ni hakiki. Nimesoma nyingi kuhusu albamu hii na sijaona inayolipita. Jarida la muziki la *Q* liliipa nyota tano ilipotoka, na albamu ikafika nafasi ya 12 Uingereza, jambo kubwa kwa bendi ambayo hadi wakati huo haikuwa na mazoea ya kupanda jukwaani. Lakini katika sifa zile zote neno linalorudi ni ukamilifu. Wakamilifu, wanyamavu, wapole, watu wa albamu nne tu. Mimi naona sifa hizo zimewadhulumu. Ukimsifia mtu kwa ukimya wake miaka mingi, siku akizungumza kwa namna nyingine utamwona amekosea, na ndivyo ilivyokuwa albamu yao ya tatu, *Peace at Last*, ilipotoka 1996. Gitaa likaja mbele, kwaya ya kanisani ikaingia, na mashabiki wengi wakakunja uso kana kwamba wameibiwa. Ilikuwa haki yake mwanamume kuimba furaha akiwa na furaha.

Hapa niseme ukweli wote: siku nyingine nami huona *Peace at Last* imepungua. Inakosa ule mji wa usiku. Kwa hiyo pengine wahakiki hawakukosea sana, na hasira yangu kwao nimeizidisha kwa sababu ya mtu mwingine kabisa. Lakini hawakuwa na sababu ya kuifungia bendi kabatini.

Na kabati lenyewe halikufungika. Annie Lennox aliimba *The Downtown Lights*, wimbo wa *Hats*, mwaka 1995, Rod Stewart naye akauimba mwaka huo huo. Halafu 2024 Taylor Swift akautaja wimbo huo ndani ya wimbo wake, na mabinti waliozaliwa muda mrefu baada ya *Hats* wakaenda kuutafuta kwa simu zao. Nilifurahi mno. Najua wako waliochukia, wale wale wanaotaka bendi hii ibaki kwa watu mia mbili wenye spika za mbao. Wabaki na spika zao. Hao mabinti wamelisikia jambo lenyewe, la mtu anayetembea na shaka moyoni na bado anapenda.

Nimefika hapa naiona ile nyota moja haina haki. Nimempiga Buchanan kwa kosa la kaunta. Nabadilisha: albamu, nyota tano. Hata santuri ile inayoruka, sehemu zake nzima zinasikika vizuri ajabu; ala ya shaba ikiingia inaingia chumbani kabisa. Kwa hiyo toleo lenyewe ningelipa nne, kama si ule mkwaruzo, na siwezi kujua kama nakala nyingine ziko hivyo. Yangu iko hivyo. Nimeipeleka kwa jirani mwenye mashine ghali kuliko yangu mara nyingi, tukaiweka, ikaruka pale pale.

Duka, hakuna nyota. Pesa yangu sijarudishiwa. Nimeandika barua kwa meneja na kumweleza neno lililosemwa kama lilivyosemwa, na kama hajajibu mwisho wa mwezi nitakwenda mwenyewe, nitaomba iwekwe kwenye mashine yao, wateja wakiwepo, wimbo wa mwisho.

Wewe unayetaka kuanza na bendi hii, anza na *Hats*, halafu ile ya 1984, halafu *Peace at Last* bila kusoma mtu amesema nini. Simu inatosha.