Friwili Isiyolia Usiinunue

Mwezi wa nne nilikuwa napanda kilima cha Riat, Kisumu, kwa baiskeli, na kreti mbili za mikate nyuma. Nikakanyaga pedali, mguu ukaenda bure, goti likagonga hendo. Friwili yenyewe, ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma inayovutwa na cheni, ilikuwa na wiki tatu tu. Niliinunua kwa sababu ya kijinga: ilikuwa kimya. Muuzaji aliizungusha kwa kidole akaniambia, "Skia mama, haina hata sauti."

Meno 18 au 20, hayo fundi wako anajua. Mimi shida yangu ni hiyo sauti. Ndani ya friwili kuna vikucha vya chuma, kila kimoja na springi nyembamba kama unywele. Ukipiga pedali, vinang'ata meno ya ndani na gurudumu linavutwa. Ukiacha, vinaruka juu ya meno hayo, ndiyo ile tik-tik-tik. Ikishindiliwa grisi nzito, kikucha kinanata na springi haiwezi kukirudisha. Kinashika ncha ya jino tu, mzigo ukiingia kinachomoka, na kila kikichomoka ncha inazidi kuwa butu. Msomaji mmoja wa Nakuru analalamika kuwa yake huteleza alfajiri ya baridi, ikifika saa sita inashika. Grisi hiyo hiyo, dadangu: baridi inaigandisha.

Kwa hivyo, dukani, shika sehemu ya ndani, zungusha ya nje kinyumenyume polepole. Ilie wazi, milio ifuatane sawa. Ikiwa nzito kurudi nyuma, hiyo pia ni shida, maana ukiacha kupiga pedali cheni italegea hadi itoke. Kisha igeuze mbele ghafla, mara kumi, kila mara ukianzia mahali tofauti. Ikichelewa kushika hata mara moja, rudisha.

Namba moja kwangu ni Shimano, na sijifichi, mimi ni shabiki wao. Walianza 1921 kule Sakai, Japani, na kitu cha kwanza kutengeneza kilikuwa friwili. Fanya jaribio hata hivyo, kwa sababu jina mtu yeyote anaweza kugonga kwenye chuma. Ya pili ni Dicta ya Taiwan, ukiipata. Inapiga kelele, na ndiyo sababu naiamini.

Zile za mfuko wa plastiki bila jina ni za kwenda dukani na kurudi. Siku ya kuitoa, pengo la kushikia spana linavunjika na fundi anachukua patasi na nyundo.

Kama umeshanunua iliyo kimya, ioshe kwa mafuta taa mpaka ilie, uitie oili ya cherehani. Usiguse grisi.

Sasa bei. Jumapili moja soko la Kibuye niliulizia Shimano, nikatajiwa bei, nikanyamaza. Nikamtuma kaka yangu kwa meza ile ile baada ya dakika tano. Alirudi nayo mkononi, na chenji ya kununulia cheni.