Uzoefu wangu: wino wa "printa zote" niliouziwa Mtwara mjini

Msinunue. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua wengi husoma mistari ya juu tu wakaondoka. Ile pakiti ya kujazia katriji (kile kikasha cha wino cha printa) nyumbani, yenye chupa nne za wino na mabomba ya sindano, iliyoandikwa kwamba ni ya "printa zote": kama kazi yako ni maandishi meusi, iache hapo hapo ilipo.

Mimi ni mwalimu, naishi Chuno, na nyumbani nina printa ndogo ya Canon inayotumia katriji PG-445 nyeusi na CL-446 ya rangi. Jioni nawachapia majirani barua za maombi ya kazi na mitihani ya majaribio. Mwenye printa ya aina hii anayajua mateso yake. Katriji mbili mpya ukizinunua pamoja, umekaribia bei ya printa nzima. Kwa hiyo mtu akiniambia kujaza wino ni ubahili namshangaa, maana bila kujaza hiyo printa ningekuwa nimeshaifunika kitambaa siku nyingi.

Nikaenda duka moja la vifaa vya kompyuta mjini. Msimu wa korosho ulikuwa unaishia, watu wana hela, duka limejaa. Wino wa printa hizi ni wa aina mbili: pigimenti, usioogopa maji, na dai (kwa Kiingereza "dye"), unaovuja ukilowa. Nikamuuliza kijana wa kaunta swali moja, tena nikalirudia ili tuelewane: "Mwanangu, huu mweusi ni pigimenti au ni dai?" Hata chupa hakuitazama. "Mama, wino ni wino." Nikamweleza kwamba katriji yangu nyeusi ni ya pigimenti, na lebo ya chupa ina jina la rangi na maandishi ya Kichina tu, ndiyo maana nauliza. Akamgeukia mteja mwingine akacheka: "Watu wanasoma mtandaoni wanakuja kutufundisha kazi." Kisha akanisukumia pakiti: "Ni huo huo pigimenti, chukua." Alilitamka mwenyewe. Risiti ninayo.

Kujaza kwenyewe hakukunishinda, na aliye mgeni wa kazi hii asiogope. Unabandua lebo ya juu ya katriji, chini yake kuna vitundu. Kwenye nyeusi unaingiza sindano taratibu hadi iguse sponji, unasukuma wino kidogo kidogo, na ukiona unapanda kwenye tundu unaacha na kuvuta nyuma kiasi. Kwenye ya rangi kuna vyumba vitatu, na usibahatishe kipi ni kipi: chovya njiti safi ya meno kwenye kila tundu uone inatoka na rangi gani. Ukikosea hapo rangi zinaingiliana, na huo si ugonjwa wa kupona kwa siku moja. Ukimaliza, ilaze katriji kwenye tishu iliyokunjwa, upande wa kuchapia ukitazama chini, uugandamize bila kuusugua. Vile vipande vya shaba usiviguse kwa kidole chenye jasho.

Karatasi ya maelekezo ya pakiti yenyewe ni ya hatari. Inasema jaza mililita 10. PG-445 ya kawaida inatoka kiwandani na mililita 8! Anayeifuata kama ilivyo atamwaga wino ndani ya printa, kisha ataambiwa hajui kujaza. Mimi niliweka 6.

Printa ikaleta alama ya E13, yaani wino huenda umeisha, kisha E16, yaani umeisha. Hiyo haikunitisha. Printa inakadiria wino kwa kuhesabu ilichochapa, haioni kwamba umejaza, kwa hiyo unabonyeza kitufe cha kusimamisha na kukishikilia kwa sekunde tano au zaidi, inakuachia uendelee. Ila kuanzia hapo macho yako ndiyo kipimo. Kurasa zikififia, acha kuchapa ujaze, kwa sababu katriji hizi zinarusha wino kwa kuuchemsha ghafla kwenye vitundu vidogo mno, na kichwa cha kuchapia kikichemka kikavu kinaungua. Kikiungua, hakuna sindano itakayokiokoa.

Kurasa za mwanzo zilitoka, ila weusi wake ulikuwa wa kijivujivu na kingo za herufi zilikuwa na manyoya. Nikamtuma mwanangu akamuulize yule kijana. Jibu likarudi: mwambie mama atazoea.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Katiba ya kikundi niliichapa mimi. Tukasainiana kila ukurasa, na kukusanya saini zile hakukuwa kazi ya mchana mmoja: katibu yuko Mikindani, mweka hazina alikuwa msibani Newala tukamngoja, mwanachama mwingine haandiki, anaweka dole gumba. Siku ya kupeleka mvua ikatukuta njiani. Bahasha haikulowa hata nusu, ni pembe tu. Kuifungua, ukurasa wa majina ya viongozi umevuja, herufi zimetambaa kama chai iliyomwagikia kanga nyeupe. Jina la mwenyekiti halisomeki. Saini za kalamu zote zimesimama imara, maandishi ya printa ndiyo yameondoka.

Hapo sikuhitaji fundi wa kunieleza. Pigimenti ni chembe ngumu zinazoelea kwenye wino. Zikifika kwenye karatasi ya kawaida zinakaa juu na kushika, ndiyo maana maandishi yanakuwa meusi ti na hayaogopi tone la maji. Dai ni rangi iliyoyeyuka kabisa, inanyonywa na nyuzi za karatasi, na maji yakija inasafiri nayo. Kwa picha za rangi dai inafaa, na hata CL-446 yangu hutumia hiyo. Kwa katiba ya kikundi haifai. Na wino niliouziwa kama pigimenti ulikuwa dai.

Nikarudi dukani na ukurasa ule, na chupa, na risiti. Nilisalimia. Hakuitikia. Akauchukua ukurasa kwa ncha za vidole, akasema, "Umeulowesha mwenyewe." Nikamwambia asome risiti, imeandikwa pigimenti kwa mkono wake. Akasema, "Kama huwezi kununua katriji mpya, usimiliki printa." Nimefundisha watoto wa mji huu miaka mingi, wengine ni wakubwa kumliko yeye, na sijawahi kuambiwa neno kama lile na mtu ninayempa hela yangu. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma anasikia yote. Akaendelea na simu yake.

Katriji niliisafisha mwenyewe. Niliunyonya wino ule kwa sindano, nikaingiza maji ya betri ya vuguvugu, yale safi ya kuongezea, si asidi, nikayavuta, nikarudia mpaka yakatoka meupe. Maji ya bomba sikuyatumia kwa sababu chumvi zake zinabaki kwenye vitundu. Nikailaza juu ya tishu mpaka ikaacha kutoa unyevu. Kisha nikaagiza pigimenti halisi Dar, ikaja kwa basi, nikajaza. Weusi umerudi. Nimemwagia maji makusudi ukurasa wa majaribio na kila neno linasomeka. Katiba tumeichapa upya, tumesaini upya, na mweka hazina safari hii ilibidi afuatwe huko huko Newala.

Kwa hiyo, nikituliza moyo, siwezi kusema pakiti yote haina kazi. Mabomba na sindano ni vizuri, ndivyo nilivyosafishia. Chupa tatu za rangi zimeingia kwenye CL-446 na picha za wanafunzi zinatoka vizuri, sina la kulalamika. Mwenye kuchapa kadi za harusi na picha tu pengine atairidhia, na kwa bei ile ningempa ruhusa anunue. Ningetoa nyota tatu kati ya tano, mbili ningezizuia kwa sababu ya ile chupa nyeusi na ile karatasi ya mililita 10.

Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Halafu jirani yangu wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara, naye mwalimu, akanionyesha pakiti aliyoinunua wiki hii. Duka lile lile, kijana yule yule. Alimuuliza kama mweusi ni pigimenti, akajibiwa ndiyo. Kwa hiyo yule kijana ukurasa wangu uliolowa aliuona kwa macho yake, akaurudisha kwangu, na bado anauza kwa maneno yale yale. Nyota tatu nazifuta. Nyota moja, na hiyo ni ya sindano. Jirani nimemwambia asiifungue ile chupa nyeusi, kesho tunakwenda wote kuirudisha, na safari hii nitazungumza na mwenye duka mpaka aiweke simu chini.