Hisa za IonQ: miaka mitatu nikiwa nazo mkononi

Kikundi chetu cha kuweka akiba hapa Maryland kimeniuliza kama tuingize fedha zetu kwenye hisa za IonQ, kampuni ya kompyuta za kwantamu, yaani kompyuta zinazokokotoa kwa kutumia tabia za vitu vidogo sana kama atomi. Wameniuliza mimi kwa kuwa nilinunua hisa 100 mwishoni mwa Desemba 2022, bei ikiwa dola tatu na kitu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Oktoba 2021, kampuni ilikuwa imeingia Soko la Hisa la New York na hisa moja ikihesabiwa dola 10.

Niseme kwanza kilichonivuta. Kyubiti zao, yaani vipande vya msingi vinavyobeba taarifa ndani ya kompyuta hizo, ni atomi zenyewe: ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za iterbiamu, na kwenye mashine mpya bariamu, zinazoshikiliwa na nguvu ya umeme ndani ya ombwe na kuamrishwa kwa leza. IBM na Google hutengeneza kyubiti zao kiwandani, na hakuna mbili zinazolingana sawasawa. Ioni za aina moja hazitofautiani hata kidogo, popote uzitoe, na kila moja inaweza kuunganishwa na mwenzake yeyote aliye naye kwenye mstari. Ubaya wake ni mwendo: hesabu zinakwenda polepole kuliko kwenye mashine za washindani hao. Oktoba 2025 walitangaza usahihi wa asilimia 99.99 kwa hatua inayohusisha kyubiti mbili, na mimi naiona hiyo ni kazi kubwa ya kisayansi.

Lakini kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu, na huko ndiko nilikokaa muda mrefu. Mapato yalikuwa dola milioni 2.1 mwaka 2021, kisha 11.1, kisha 22, kisha 43.1 mwaka 2024. Yanaongezeka maradufu, ndiyo. Hasara ya mwaka huo wa 2024 ilikuwa dola milioni 331.6. Sehemu yake ni hisa walizolipwa wafanyakazi, si fedha taslimu, ila hisa hizo nazo zinamega kipande changu.

Hapo ndipo penye uzito. Kampuni hii inaishi kwa kutoa hisa mpya. Ilipoinunua Oxford Ionics, kampuni ya Uingereza inayotumia ioni pia, mwaka 2025 kwa dola bilioni 1.075, karibu malipo yote yalikuwa hisa. Nilipoingia hisa zote zilikuwa kama milioni 200; sasa zimepita milioni 300. Waliowahi kucheza kikoba wanaelewa: mwanachama mpya akiingia bila kiingilio, wa zamani wameliwa. Oktoba 2025 kiingilio kilikuwepo. Kampuni ilikusanya dola bilioni 2 kwa kuuza hisa kwa dola 93, asilimia 20 juu ya bei ya soko, ingawa wanunuzi walipewa pia haki ya kununua nyingine baadaye kwa dola 155. Kipande changu kilipungua, lakini sanduku lilijaa, na kampuni inayosubiri teknolojia ikomae inahitaji sanduku lililojaa kuliko kitu kingine chochote.

Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya chipu ya Nvidia, alisema kompyuta za kwantamu zenye manufaa makubwa huenda zikachukua miaka 15 hadi 30. Kwa siku moja hisa ya IonQ ilipoteza karibu asilimia 40. Jioni ile mdogo wangu alipiga simu kutoka Dar. Yeye ana hisa za benki ya CRDB. "Dada, hiyo yako gawio lake kiasi gani?" Hakuna gawio, nikamwambia, halijawahi kutolewa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisiweke humo fedha ya mama.

Sikuuza siku ile. Niliuza hisa 30 mwanzoni mwa Oktoba 2025, bei ikiwa juu ya dola 70, na fedha zikaenda Muheza kuezeka nyumba ya mama. Mtaji wangu umesharudi mara kadhaa. Hizo 70 nitakaa nazo miaka kumi, nikijua washindani wao Quantinuum nao wanatumia ioni na wanaweza kutangulia.

Kikundi nimekijibu hapana. Fedha zetu zina tarehe: ada za Septemba, misiba, nauli za nyumbani. Atakayetaka kwa fedha yake binafsi, nitakaa naye tuifungue ripoti ya robo mwaka, na tutaanza na mstari wa idadi ya hisa kabla ya kugusa mapato.