Spika za sauti tamu kwa nyumba ya mawe: uzoefu wangu na Wharfedale Diamond 12.2 hapa Lamu

Nilipoamua kununua spika za muziki wa nyumbani nilijiwekea masharti matatu: zitoe masafa yote ya muziki ninaousikiliza, yaani sauti nzito hadi nyembamba, bila kuhitaji sabufa pembeni, sauti yake iwe laini na iliyoshiba badala ya ile kali inayochoma masikio, na bei ya jozi isizidi shilingi 70,000, kwa kuwa amplifaya ya wati 60 kwa kila upande nilikuwa nayo tayari. Sharti la nne liliwekwa na nyumba yenyewe. Ninaishi Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, katika nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, na chumba ninachosikilizia kina upana wa mita 2.8 tu, kwani vyumba vya nyumba hizi hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari.

Upana huo si jambo dogo. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo besi ya karibu hezi 62, yaani mitetemo 62 kwa sekunde, hugonga ukuta mmoja, ikarudi kwa mwenzake na kujiongeza nguvu yenyewe. Nyuzi nene za udi ziko jirani na hapo hapo, kwa hiyo spika yenye besi iliyokuzwa kiwandani huufanya udi ungurume badala ya kuimba. Kwa upande mwingine, lipu ya chokaa ni ngumu na huirudisha sauti nyembamba karibu yote, jambo linalozidisha ukali wa herufi kama «s» na «sh» katika sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana nikasadiki kwamba utamu wa sauti katika nyumba ya mawe hautokani na wingi wa besi, bali na sauti ya kati iliyojaa pamoja na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya upole.

Lamu hakuna duka la kusikilizia spika za namna hii, hivyo nilikwenda Mombasa. Katika duka la kwanza niliwekewa spika ndefu za kusimama sakafuni zenye taa za rangi na maandishi ya wati 5,000 kwenye kasha. «Shekhe, ukichukua hizi nyumba itatikisika,» aliniambia muuzaji. Nyumba yangu ina umri mkubwa na sikuona sababu ya kuitikisa. Isitoshe, maandishi ya wati za namna hiyo, ziitwazo PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kifupi mno, hayamwambii mnunuzi chochote cha maana, kwa sababu hayafuati kipimo kimoja kinachokubalika. Kipimo kinachofaa kutazamwa ni kiasi cha sauti kinachotoka kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Diamond 12.2 zimetajwa kuwa na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 88, na kila wati zinapoongezwa maradufu hupatikana desibeli 3 zaidi, maana yake wati 16 hukufikisha desibeli 100, kelele ambayo jirani wa ukuta mmoja hatakusamehe.

Nilisikiliza jozi kadhaa kwa rekodi zile zile nilizozichukua kwenye simu: kisomo cha Kurani cha sauti ya mtu mmoja, taarabu ya zamani yenye udi na fidla, na kaswida za maulidi zenye matari. Kisomo ndicho kilichoniamulia. Sauti ya binadamu tunaijua tangu utotoni, na spika inayoidanganya hujulikana mara moja: nyingine ziliifanya itokee puani, nyingine zikampa msomaji kifua asichokuwa nacho. Wharfedale, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa Yorkshire mwaka 1932, ina sifa ya siku nyingi ya sauti ya upole, na hapa niliiona. Msomaji alikaa katikati ya spika mbili, pumzi zake zikisikika bila mkwaruzo, na twita ya kitambaa haikupaza zile «s» hata nilipoongeza sauti. Fidla zilitulia nyuma kidogo. Anayependa fidla ing'ae atazitaka spika nyingine. Matari yalikuwa na ngozi na mbao, si pigo tupu.

Nyumbani, mahali pa kuziweka palikuwa na uzito karibu sawa na spika zenyewe. Nilizisimamisha kwenye stendi mbele ya ukuta mfupi ili zipige kwa urefu wa chumba, zikiwa karibu nusu mita kutoka ukutani, kwa kuwa tundu la besi liko nyuma na likisongwa na ukuta besi huvimba. Mke wangu alipendekeza ziingie ndani ya zidaka, yaani vile vidaka vilivyojengwa ndani ya ukuta kuwekea vyombo, na kwa macho pangependeza kweli, lakini kidaka kingeifungia besi ndani yake. Vikiachwa vitupu au kupangwa vyombo, vidaka hivyo husaidia kuitawanya sauti isirudi kwa mkupuo. Zulia nene sakafuni na pazia zito kwenye ukuta wa pembeni viliondoa sehemu kubwa ya ukali uliobaki, kwa gharama ndogo kuliko waya za bei mbaya ambazo maduka hupenda kumwuzia mtu.

Kwa mkaazi wa pwani kuna la kuangalia zaidi. Mzingo unaoshika koni, ile sehemu ya spika inayotetema, uwe wa raba, kwani ule wa sponji huoza na kubomoka upesi katika joto na unyevu, na sanduku la mbao za kusindikwa hufura likipata maji. Zangu ni za raba. Kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, zilivushwa kwa boti zikiwa zimefungwa nailoni nzito juu ya kasha, na ncha za waya huzikata na kuzimenya upya zinapoanza kuota ukijani wa chumvi.

Masafa ya Diamond 12.2 yametajwa kuanzia hezi 50. Udi na ngoma humo vimo, na gitaa la besi pia isipokuwa noti zake za chini kabisa, ila muziki wa kompyuta wenye mngurumo wa chini kabisa hautapata haki yake kamili. Anayeupenda huo, na ana sebule pana ya nyumba mpya kule Wiyoni, ni afadhali aongeze bajeti anunue spika za sakafuni. Chumba changu kingezikataa.