Miungu ya Wagiriki angani: Star Trek au Battlestar Galactica?

Kati ya tamthilia hizi mbili za TV za anga za juu, ipi inawatumia miungu hao vizuri zaidi? Ubishi huu hauishi. Kwa ufupi wa muda, Star Trek haina mpinzani: kipindi kimoja tu cha 1967, chini ya saa nzima, kinatosha. Mkono mkubwa wa kijani unaikamata Enterprise, chombo cha angani cha Kapteni Kirk. Mwenye mkono ni Apollo, kiumbe wa sayari nyingine aliyewahi kuabudiwa na Wagiriki na sasa anataka kuabudiwa tena. Hekalu lake ndilo chanzo cha nguvu zake, na Kirk anaamuru lipigwe mpaka linateketea. Mkono wenyewe leo unachekesha kidogo, tusidanganyane.

Kwa kina, Battlestar Galactica ya 2004 hadi 2009 iko mbele sana. Apollo huku ni jina la redioni la rubani Lee Adama, lakini dini ni ya kweli: binadamu wanaomba kwa Zeus na Athena, huku roboti za Cylon zikimwamini Mungu mmoja. Starbuck, rubani mwenzake Lee, anarudi hadi jumba la makumbusho la Delphi, mji wa sayari ya Caprica, kuchukua Mshale wa Apollo, ufunguo wa kaburi la Athena. Misimu minne, lakini, na wa mwisho unagawa watazamaji.

Una jioni moja? Kirk. Una likizo na unapenda mabishano ya imani? Galactica.