TAHADHARI: Pakeji ya sevisi ya bei chee inayozunguka Arusha na Moshi, oili na brek fluidi ni feki

Wakuu habari za jioni. Hii ni kwa wote wenye gari za zamani, Corolla 110, Carina, Mark II, Noah SR40 na wengine mnaofanya sevisi wenyewe nyumbani wikiendi. Kuna jamaa anauza kitu anaita "pakeji ya sevisi" WhatsApp, anawinda wateja Arusha na Moshi, nawaomba msinunue kwake. Jina silitaji maana hata hilo analotumia sidhani kama ni lake, nawaelezea anavyofanya kazi tu, akiwafikia mtamjua.

Iko hivi, anaposti picha kali kwenye magrupu, dumu la oili lita 4 20W-50 la jina kubwa, filta, plagi 4, kulanti na kichupa cha brek fluidi, vyote 85,000 na boda anakuletea mpaka getini. Ulizia bei ya hilo dumu peke yake kwenye duka la spea linaloeleweka halafu rudi upige hesabu. Ukiwa Arusha anasema stoo iko Moshi, ukiwa Moshi stoo iko Unga Limited huku Arusha. Risiti hana, mashine kila siku mbovu, na hela inaingia kwenye namba yenye jina la mtu mwingine kabisa. Kilichonishtua mimi kuliko vyote ni mstari wa mwisho wa meseji yake, anaandika "ukiwa na dumu tupu na maboksi ya filta mpe boda nakupunguzia 3,000". Sasa we unayeuza oili orijino, dumu tupu la nini?

Jirani yangu hapa Sakina alikuwa ameshalipa, akaniita nimsaidie kumwaga oili kwenye 110 yake. Kabla hatujagusa nati ya sampu nikaligeuza lile dumu nikaliangalia vizuri. Pete ya kifuniko imekatika ikabandikwa na gundi, ile karatasi ya silva chini ya kifuniko imekaa upande, na sehemu inapochapwa namba ya bachi pamefutwa, ukipitisha kidole unasikia pamekwaruzwa. Lebo ni yenyewe, dumu ni lenyewe, kilichomo ndo sicho. Ndo maana ule ushauri wa "angalia lebo kama imechapwa vizuri" kwa huyu jamaa haukusaidii kitu, anatumia madumu halali yaliyookotwa gereji.

Nilikuwa na oili imebaki kwenye dumu langu la dukani, namba ileile 20W-50. Tukachukua chupa mbili za maji zinazofanana, moja tukatia yangu moja yake, tukabakiza hewa kiasi sawa juu, tukaziacha kivulini zikae joto moja af tukazipindua pamoja. Kwenye yangu kiputo kilipanda pole pole, kwenye yake kilipaa juu saa hiyohiyo. Hiyo 50 ni uzito wa oili injini ikiwa ya moto, nyuzi 100, sasa kama kivulini tu iko nyepesi hivyo ikichemka itakuwaje. Tukadondosha tone kwenye bati la moto ikachacharika, maana yake ina maji. Ila msije mkasema kipimo cha kiputo kinamaliza kila kitu, oili inaweza kuwa nzito vizuri tu na isiwe na zile dawa zinazosafisha tope na kuzuia chuma kusagana, na hizo huzioni kwa macho wala huzinusi. Ikifeli kwenye chupa usiendelee, ikipita bado kaulize imetoka wapi.

Sasa brek fluidi, hapa naomba msome taratibu maana hapa ndo nilikasirika kweli. Oili mbovu inakula injini mdogomdogo, taa itawaka, tapeti zitalia, utapata muda wa kusimama. Breki hazikupi huo muda. Brek fluidi zina madaraja, DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 chini ya 230, na zote zinanyonya unyevu wa hewani kwahiyo zikishazeeka viwango vinashuka, DOT 3 mpaka 140 na DOT 4 mpaka 155. Hiyo ni fluidi halali jamani. Chukua mtu anashuka Marangu kwenda Himo, au anatoka Karatu anateremka ule ukingo wa kuingia Mto wa Mbu kapakia familia na mizigo, mguu uko kwenye breki muda wote, diski zimechemka, kilichomo kwenye paipu kikigeuka mvuke pedeli inazama mpaka chini na gari haishiki.

Kipimo chake ni rahisi, weka maji kwenye glasi ambayo hutakunywea tena, dondoshea fluidi koroga. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika na maji zinapotea. Ya jirani ilielea juu na vile viduara vya rangirangi, hayo ni mafuta, pengine haidroliki imetiwa rangi. Mafuta ya hivyo yanavimbisha raba, za mastasilinda, za silinda za magurudumu mpaka hozi, breki zinaanza kung'ang'ania au kuvuja. Kama ulishaitia usiiwashe gari kwenda nayo gereji, mwite fundi aje. Na kumwaga tu ukaweka nyingine haitoshi, mfumo unasafishwa na raba zote zilizoguswa zinabadilishwa, asikudanganye mtu.

Kulanti yake tuliiweka friza usiku, asubuhi barafu tupu ya kijani. Kulanti halali iliyochanganywa nusu kwa nusu haigandi kwenye friza ya nyumbani. Kuna wazee wanaonja kwa ulimi kama ni tamu, acheni kabisa, ile ni sumu, na watoto wasiifikie. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwahiyo maji ya rangi kwenye rejeta ya gari yenye mfuniko uliochoka ni kujitafutia gasketi ya silinda hedi.

Filta tuliipasua na msumeno wa chuma, ile raba ya kuzuia oili isirudi chini ukizima injini haipo kabisa. Plagi zimeandikwa NGK ila washa, kile kipete cha chuma, ilitoka yenyewe kwa vidole, za halali haitoki kirahisi hivyo.

Jirani alimpigia, akajibiwa "bro ulitaka orijino kwa hela hiyo?" af akablokiwa. Angalau huo ukweli aliusema. Sasa kabadilisha picha na jina, anatangaza haidroliki ya gia boksi ya Noah, Dexron III, eti "nyekundu orijino". Wekundu ni rangi tu, hata mafuta ya kula unaweza kuyatia rangi. Gia boksi ya kubadilisha we unajua bei yake.

Madumu yenu mkimaliza toboeni na msumari, lebo chaneni, maboksi ya filta na plagi chaneni pia, na ukifanyia sevisi gereji ondoka na dumu lako hata kama fundi atanuna. Ukinunua dai risiti ya mashine, EFD, muuzaji akianza maneno vuka barabara kuna duka lingine.

Waliokwishapigwa msitupe kitu. Tunzeni dumu, meseji na ule ujumbe wa muamala. Bidhaa bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na TBS, shirika la viwango, wana ofisi ya kanda ya kaskazini hapahapa Arusha, namba ya simu ya tapeli itume 15040 ya kuripoti utapeli wa simu. Jirani anaenda Jumatatu na vile vichupa vyake, mwenye ushahidi kutoka Moshi anicheki inboksi kabla ya hapo tuunganishe malalamiko yaende pamoja.