PEI ya unga: bei ndogo, kazi kubwa

Kichupa cha gramu 1 cha poliethilinimini, yaani PEI, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya kuingizia DNA ndani ya seli, ile nyoofu yenye uzito wa molekuli wa daltoni 25,000, kilifika maabara kwetu Januari, nami nakitumia karibu kila wiki. Polima hii ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. Ukizichanganya hukumbatiana na kuwa vitonge vya nanomita, na seli huvimeza zenyewe. Watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, walilionyesha hilo mwaka 1995. Gramu hiyo moja inatoa lita nzima ya myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ya kubana, hiyo ni neema.

Kazi iko kwenye kuiyeyusha. Maji baridi hayaiwezi. Mimi hupasha maji hadi nyuzi 70 hivi, natia asidi kidogo mpaka yawe maangavu, narudisha pH kuwa 7, nachuja kwa chujio la mikromita 0.22, kisha nagandisha kwa nyuzi -20. Mara ya kwanza niliharakisha nikachuja ingali na ukungu. Wiki nzima hakuna seli hata moja iliyowaka kijani, ile ishara kwamba DNA imeingia na inafanya kazi. Nililia, kusema kweli.

Kwa seli za HEK293, seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara, natumia mikrogramu 3 za PEI kwa 1 ya DNA, nangoja dakika 15, ndipo namimina juu ya seli. Kesho kutwa yake, hadubini imejaa kijani! Ukizidisha dozi, seli hufa. Na kwa seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye tishu imeniangusha kila mara. Huko tafuteni chembe za lipidi, yaani vitonge vya mafuta vinavyobeba DNA.